Spidomita imeandikwa 200, pikapu inagota 150

Swali limetoka kwa msomaji anayesafirisha vipuri kati ya Kampala na Arua mara mbili kwa wiki. Nimelifupisha:

“Habari fundi. Nina Hilux dabo kebini ya dizeli, injini 2.5, ile ya farasi 102. Nimeifunga ngao ya chuma mbele, keria juu ya kebini, na matairi ya matope. Spidomita imeandikwa hadi 200, lakini kwenye ule mnyoosho wa Nakasongola nikikanyaga mafuta mpaka sakafuni mshale unafika 150 na kuganda hapo. Gia ya tano injini inazunguka 3,200. Nikirudi ya nne inapiga kelele 3,800 na mwendo ni ule ule. Fundi mmoja ananiambia nimpe milioni moja na nusu abadilishe programu ya kompyuta ya injini, ifike 180. Mwingine anasema niung’oe mlango wa nyuma wa bodi ili upepo upite. Nani mkweli? Na hewa nyepesi ya huku kwetu juu, si ingetusaidia?”

Ndugu yangu, wa kwanza amekuambia nusu ya ukweli na akaitoza bei nzima. Wa pili amekosea. Wewe mwenyewe, kwa lile swali la mwisho, umegusa jambo ambalo mafundi wengi wanalielewa kinyume.

Sheria unaijua: barabara ya lami nje ya mji ni 100, na hata ile ya kulipia ya Kampala–Entebbe ni 100. Sikujibu ili ukimbie 180 kati ya mbuzi na boda boda wa Luwero. Nakujibu kwa sababu kinachoizuia gari yako kwenye 150 ndicho kinachokunywa dizeli yako kwenye 100.

Tuanze na huo mshale, maana 150 yako huenda si 150. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari inakataza spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, ila inaruhusu isome juu kwa asilimia 10 na kilomita 4 zaidi. Hivyo kiwandani wanaipandisha kidogo wawe salama. Fungua GPS ya simu, mpe mwenzako aishike, uangalie. Ningetegemea kuona 142 hivi. Matairi yako yakiwa makubwa kuliko ya kiwandani tofauti itapungua, kwa sababu tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja na spidomita haina habari. Na hiyo 200 iliyochorwa ukingoni isikusumbue: uso mmoja wa spidomita hufungwa kwenye gari zenye injini tofauti. Sufuria ya lita 20 haikuahidi lita 20 za pilau.

Sasa hewa. Umebeba mzigo uliofunikwa turubai mara ngapi? Kwenye 50 turubai linapumua tu, linapanda na kushuka. Kwenye 80 linaanza kupiga makofi. Kwenye 110 linang’oa vile vijicho vya kamba, na ukifika Karuma unakuta kona moja imekuwa nyuzi. Mwendo haujafika hata mara mbili na nusu ya ule wa mwanzo, lakini kani ya upepo imekaribia mara tano. Ndivyo hewa inavyodai: ukizidisha mwendo mara mbili, kani inazidi mara nne.

Lakini injini hailipi kani peke yake. Inalipa kani hiyo kwa kila mita, na kadiri unavyokimbia ndivyo mita zinavyokuja nyingi kwa sekunde moja. Kwa hiyo nguvu inayotakiwa kuipasua hewa inakua kwa mwendo mara mwendo mara mwendo. Mwendo mara mbili, nguvu mara nane. Kutoka 150 kwenda 180 unaongeza moja ya tano tu ya mwendo, lakini hewa inataka nguvu zaidi kwa asilimia 73.

Mambo manne yanaamua ukubwa wa deni hilo: uzito wa hewa yenyewe, upana wa uso wa gari ukiitazama kwa mbele, umbo lake, na mwendo. Umbo lina namba yake inayopimwa kwenye handaki la upepo. Saluni nzuri ya siku hizi iko kati ya 0.25 na 0.30, pikapu nyingi zinacheza karibu na 0.4. Ukichukua namba hiyo ukaizidisha kwa eneo la uso, unapata kitu kama ukubwa wa ubao bapa unaousukuma mbele yako. Kwa Hilux tupu nitakadiria mita za mraba 1.15. Kwa yako, na ngao na keria, nitaweka 1.3. Ni makadirio ya fundi, siyo ya maabara, lakini hayako mbali.

Kuna deni la pili, la matairi. Mpira unapominyika na kuachia kwa kila mzunguko unakula nguvu, na yale mabonge ya tairi la matope yanaminyika zaidi. Gari ya kilo 1,900 yenye matairi ya lami inadai kani ya nyutoni 260 hivi. Kwa matairi ya matope nimeweka 335. Deni hili halibadiliki sana kwa mwendo, ndiyo maana kwenye mwendo mdogo matairi ndiyo yanayotawala na kwenye mwendo mkubwa hewa inayameza.

Hili unaweza kulipima mwenyewe bila kifaa. Tafuta kipande tambarare, asubuhi mapema, pasipo upepo wala gari nyuma yako. Nenda 100, weka nyutro (usizime injini, utapoteza usukani na breki), na mwenzako ahesabu sekunde za kushuka mpaka 90. Halafu rudia kutoka 60 hadi 50. Hilux tupu kwa hesabu yangu itatumia sekunde 8 hivi mara ya kwanza, na 13 mara ya pili. Kilomita 10 zile zile, gari ile ile. Hizo sekunde 5 za tofauti ni hewa. Yako ikitumia sekunde 6 kule juu, umejua keria na matairi vinakugharimu nini.

Turudi Nakasongola. Injini yako ikiwa mpya inatoa kilowati 75, ndizo hizo farasi 102. Giaboksi, propela na difu vinakata asilimia 15 hivi, zikabaki kilowati 64 chini kwenye matairi. Gari yako jinsi ilivyo, kwenda 140 halisi inahitaji kilowati 52. Kwenda 152 inahitaji 64, yaani zote. Hapo ndipo ukuta ulipo. Hakuna kitu kimevunjika wala kuziba, ni mahali ambapo mapato na matumizi yamelingana na hakuna senti iliyobaki ya kuongeza mwendo. Wewe unagota kwenye 142 kwa sababu injini yenye umri haitoi 75 tena, na kwa sababu Nakasongola kuna upepo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukikujia usoni unadai kilowati 12 zaidi kwenye mwendo huo. Barabara ikipanda mita 3 kwa kila 100, mwinuko ambao macho hayauoni vizuri, inadai zaidi ya 20. Jaribu tena ukitokea upande wa pili uone.

Watu wakishindwa kufika mwendo hukimbilia kulaumu mzigo. Tani moja ya vipuri kwenye tambarare inakutoza kilowati 7 hivi kwa 150, basi. Utapoteza kilomita kama 7 za mwendo. Mzigo unauma kwenye mlima na wakati wa kuondoka, siyo hapo. Isipokuwa mzigo ukiwa mrefu: anayerundika matoke mpaka juu ya kebini hajaongeza uzito tu, amejenga ukuta wa pili nyuma ya ule wa kwanza.

Ukitaka ushahidi kwamba nguvu haitoshi bila umbo, upo, na umeandikwa kwenye rekodi. Februari 2004 huko Michigan, Marekani, Dodge Ram SRT-10 ilivunja rekodi ya dunia ya pikapu zinazotoka kiwandani. Injini yake ilikuwa V10 ya lita 8.3 iliyotolewa kwenye gari la mbio la Viper, farasi 500. Ilikwenda kilomita 248.8 kwa saa. Miaka miwili baadaye, Mei 2006, kule Woomera, Australia, HSV Maloo R8 iliipita kwa 271.4. Maloo ilikuwa na farasi 400 tu, V8 ya lita 6. Farasi 100 pungufu, kilomita 22 zaidi! Siri yake inaonekana kwa macho: Maloo ilikuwa saluni ya Holden Commodore iliyokatwa mgongo ikawekewa bodi. Iko chini, pua imelala, uso mwembamba. Ram ilikuwa ghala lenye magurudumu. Kila nikimwona kijana ameinyanyua pikapu kwa inchi nne halafu analalamika haikimbii, namkumbuka yule Ram.

Kwa hiyo yule fundi wa milioni moja na nusu. Programu ya injini ya dizeli yenye turbo, ile feni inayosindika hewa ndani ya injini, inaweza kweli kuongeza nguvu, kwa kuruhusu dizeli zaidi na msukumo zaidi wa turbo. Chukulia anaongeza asilimia 25, na ni mkarimu huyo. Unatoka farasi 102 kwenda 128. Nikirudisha namba hizo kwenye hesabu ile ile, mwendo wa juu unatoka 152 unakwenda 165. Robo nzima ya nguvu imekununulia kilomita 13. Kufika 180 halisi gari yako jinsi ilivyovaa inahitaji farasi 158 au zaidi. Hapo huongei tena habari ya programu, unaongea habari ya injini nyingine.

Mimi mwenyewe nilishafanyiwa hivyo, kwenye gereji ambayo sitaitaja. Kwa GPS nilipata kilomita 9 zaidi. Nilichopata kikubwa ni mvuto kwenye kati, pale kwenye mizunguko 1,800 hadi 2,500, na huo niliupenda sana kwa wiki tatu. Wiki ya nne nikapanda kwenda Kabale na mzigo, nikaona injini inapanda mizunguko na gari haipandi mlima. Klachi ilikuwa inateleza. Ilitengenezwa kwa mvuto wa zamani, haikuulizwa. Fundi akikuuzia programu muulize bei ya klachi papo hapo, na muulize atapima vipi joto la moshi. Akikujibu kwa kucheka, panda gari uondoke. Moshi mweusi unaouona nyuma ya pikapu hizi zilizobadilishwa ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kuungua vizuri.

Habari ya gia ya nne ni fupi. Injini yako inatoa nguvu yake ya juu kwenye 3,600. Gia ya tano unaikaribia kwa chini, gia ya nne umeipita na pampu inaanza kupunguza mafuta. Kushoto na kulia mwa kilele kimoja, urefu ni karibu sawa, ndiyo maana mwendo haubadiliki. Gia zako ziko sawa.

Hewa ya milimani sasa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 12 hivi. Mafundi wengi watakuambia huku juu gari hupoteza nguvu, basi lazima liwe zito. Ni kweli kwa injini inayovuta pumzi yenyewe, kama zile dizeli kuukuu zisizo na turbo: hewa ikipungua asilimia 12 na nguvu inapungua takriban hivyo. Lakini ukinzani wa hewa nao umepungua kwa kiasi hicho hicho. Deni limepungua pamoja na mshahara. Kwa hiyo pikapu kuukuu inafika Kampala karibu mwendo ule ule wa juu inaofika Mombasa, pungufu ya kilomita moja au mbili. Inachoka mlimani, kwa sababu uzito wa gari haukupungua hata gramu.

Yako ina turbo. Turbo inazunguka haraka zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana, huku ukinzani wa nje umebaki mwepesi. Kwa namba zangu, gari inayogota 152 Kampala ingegota 146 Mombasa. Unayo kilomita 6 za bure kutoka kwa Mungu na tayari unazitumia. Turbo lako linazilipia kwa jasho, kwa hiyo ukisimama baada ya mwendo mrefu iache injini ingurume dakika moja kabla ya kuzima.

Na mlango wa bodi, tafadhali, kama umeshaung’oa urudishe. Ukisimama Karuma, kando ya Mto Naili, ukaangalia maji nyuma ya jiwe kubwa, utaona hayapiti moja kwa moja. Nyuma ya jiwe kuna maji yanayozunguka mahali pamoja, na mto wenyewe unateleza juu yake kana kwamba ni sehemu ya jiwe. Hewa inafanya hivyo hivyo ndani ya bodi iliyofungwa. Inajikunja nyuma ya kebini, inazunguka mle ndani kama mto wa kulalia, na upepo unaotoka juu ya kebini unapita juu yake hadi nyuma bila kuupiga mlango kama unavyodhani. Ukiutoa mlango, mto wa hewa unavuja, upepo wa juu unaporomoka ndani ya bodi, na mkia wa gari unakuwa wa vurugu. Vipimo vya handaki la upepo vimeonyesha kwamba kuendesha bila mlango hakusaidii, na mara nyingi kunaongeza ukinzani. Kinachosaidia ni kifuniko kilichokazwa bapa juu ya bodi, hata turubai, mradi limevutwa kama ngozi ya ngoma. Likiwa legevu ni bora usingelifunga.

Ningefanya nini na milioni moja na nusu? Kwanza ningeiacha mfukoni nishushe keria, siku zote ambazo haina kitu juu. Ngao iamue mwenyewe, unajua ng’ombe wa njia yako kuliko mimi. Matairi ya matope ningeyaweka nyumbani, niyafunge wakati wa mvua kubwa tu. Chujio la hewa ulitoe uligonge uone vumbi litakalotoka, maana chujio la pikapu inayofuata malori kwenye vumbi la murram huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Nozeli zipimwe. Hilux yako ikivuliwa mizigo hiyo, na injini ikipewa pumzi yake, kilowati 64 zile zile zinaipeleka 160 badala ya 152.

Faida yenyewe utaionea kwenye 100. Gari lako lilivyo sasa linahitaji kilowati karibu 24 kwenye matairi kwa mwendo huo, likivuliwa linahitaji 20. Hiyo ni sehemu moja ya sita ya kazi yote, safari nzima, kwenda na kurudi. Na ukizoea kwenda 120, jua kwamba kila kilomita unayoipita kwa 120 inakugharimu kazi zaidi ya robo kuliko kuipita kwa 100.

Kuna jambo hukuuliza. Kabla ya kujaribu mwendo wowote, inama usome ubavu wa tairi. Utakuta maandishi kama 265/70R16 112S. Hiyo 112 ni mzigo, kilo 1,120 kwa tairi. Herufi ya mwisho ni mwendo ambao mpira ule uliundwa kuuvumilia: Q ni 160, R ni 170, S ni 180, T ni 190. Matairi mengi ya matope yana Q. Fundi aliyekuahidi 180 alikuwa anakuahidi kilomita 20 juu ya kile ambacho tairi lako limekiri kwa maandishi, kwenye joto la saa nane mchana, na mzigo nyuma. Halafu angalia na lile la akiba chini ya bodi. Mara nyingi lilinunuliwa peke yake siku ya dharura, na herufi yake si ile ya wenzake wanne.